Kontena: Huduma Isiyouliza Imebeba Nini

Wanaotathmini usafirishaji wa bidhaa kwa kawaida huzipima kampuni moja moja, wakitazama ipi ina nafuu, ipi huchelewa na ipi haipokei simu. Tathmini hii inahusu kitu ambacho kampuni zote hizo zinakitegemea, yaani kontena la chuma la futi 20 au 40, pamoja na meli, kreni, malori na hati zinazolizunguka. Nimekuwa mteja wake mdogo kwa muda mrefu, mara nyingi nikichangia kontena moja na watu nisiowajua, na maoni yangu ni kwamba katika biashara ya kimataifa hakuna huduma iliyotimiza kazi yake vizuri kuliko hii, wala iliyofanikiwa kwa kiasi kikubwa hivyo kwa sababu ya kutouliza. Kontena halijali kama limejazwa vitabu, betri, nguo au taka. Sifa zake zimetokana na kutojali huko, na kasoro zake nyingi pia.

Nianze na sifa, kwa kuwa ni kubwa. Kabla ya kontena, shehena ya kawaida ilipakiwa kipande kwa kipande: makundi ya makuli yalibeba magunia, mapipa na marobota, yakayapanga ndani ya meli, na kule mzigo ulikokwenda kazi ileile ikarudiwa kinyume chake, hata meli ikaweza kukaa bandarini kwa muda unaokaribia ule iliokaa safarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, New Jersey, kwenda Houston, Texas, ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori, si mtu wa bahari, na labda ndiyo maana hakuona sababu ya mzigo uliokwisha kufungwa kufunguliwa tena gatini. Hesabu za wakati huo zilionyesha kwamba kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 5.86, ilhali kwenye Ideal X tani hiyohiyo ilipakiwa kwa takriban senti 16. Hata hivyo unafuu huo ungebaki mali ya kampuni moja kama kila mwenye meli angeendelea kutumia vipimo vyake. Kontena likawa huduma ya dunia nzima pale tu Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilipoafikiana mwishoni mwa miaka ya 1960 kuhusu ukubwa wa sanduku na umbo la pembe ambazo kreni hulishikia.

Athari zake kwa uchumi haziwezi kukadiriwa kwa bei ya nauli peke yake. Gharama ya kuvusha bidhaa ilipokuwa ndogo, kiwanda hakikulazimika tena kukaa karibu na mnunuzi wala karibu na kiwanda kingine kinachokiuzia vipuri, na bidhaa moja ikaanza kutengenezwa kwa vipande vinavyopita mipaka kadhaa kabla ya kuunganishwa. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya nchi, kwa ujazo, husafiri baharini, na sehemu kubwa ya zile zilizokwisha kutengenezwa viwandani husafiri ndani ya masanduku haya. Nchi zilizoweza kuwapa watu wengi kazi ya viwandani zilifaidika; miji iliyoishi kwa kazi hiyohiyo kwingineko iliumia. Hata bandari zenyewe zilipinduana: gati za Manhattan zilififia huku za New Jersey zikistawi, na za mjini London zilifungwa moja baada ya nyingine huku Felixstowe, ambayo zamani haikuhesabiwa kuwa bandari kubwa, ikichukua nafasi yake.

Katika habari hiyo kuna jambo moja ninalolisifu bila shaka yoyote. Mwaka 1960 chama cha makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, kikiongozwa na Harry Bridges, kilikubali mashine ziingie bandarini kwa sharti kwamba waajiri wachangie mfuko wa kuwahakikishia wanachama kipato na malipo ya kustaafu. Waliopata faida waliwalipa waliopoteza, tena kwa mkataba. Mikataba ya biashara iliyofuata ilijaa ahadi za kuwafikiria watakaoathirika, lakini ni michache iliyotaja nani atalipa na kutoka mfuko upi.

Kwa upande wa uhakika, alama zinashuka. Ratiba hufuatwa vizuri mpaka njia moja nyembamba inapoziba. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwenye mfereji wa Suez kwa siku 6, na bandari za mbali zilihisi matokeo yake kwa majuma kadhaa. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yamezifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzunguko unaorefusha safari ya Asia hadi Ulaya kwa siku kumi au zaidi. Bei nayo haitabiriki: wakati wa janga la korona, wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ulipita dola 10,000 mwezi Septemba 2021, ilhali miaka michache kabla yake ulikuwa chini ya dola 2,000. Kampuni kumi kubwa zinadhibiti zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa meli za makontena duniani, kwa hiyo mteja mdogo ambaye mzigo wake umeachwa ili kumpisha mkubwa hana pengine pa kuhamia. Mimi nimeachwa hivyo, na taarifa niliyopata ilikuja baada ya meli kuondoka.

Hayo yote ningeyavumilia kama kasoro za kawaida za huduma yoyote iliyo nafuu. Kinachohitaji kutazamwa kwa makini zaidi ni kutouliza. Mfumo mzima umejengwa juu ya karatasi: mwenye mzigo huandika kilichomo na uzito wake, hufunga milango, huweka lakiri, na kuanzia hapo kila anayelishika kontena huamini maandishi hayo. Kwa takriban miaka 60 uzito uliotajwa haukulazimika kuthibitishwa. Meli ya MSC Napoli ilipovunjika mwaka 2007 katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, wachunguzi waliyapima makontena yaliyokuwa sitahani bila kulowa na kugundua kwamba asilimia 20 yalitofautiana na hati zake kwa zaidi ya tani 3. Sharti la kupima uzito kabla ya kupakia lilianza tarehe 1 Julai 2016. Marekani, kwa upande wake, ilipitisha sheria mwaka 2007 kwamba ifikapo 2012 kila kontena linaloelekea huko lipigwe picha za mionzi kabla ya kuondoka bandari ya nje. Muda huo uliongezwa tena na tena, na sheria haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Sababu si uzembe. Kulichunguza kila sanduku kungerudisha gharama ambazo sanduku lenyewe lilibuniwa kuziondoa.

Mazingira ndiyo yanayolipa sehemu kubwa ya ukimya huo. Mbu aina ya Aedes albopictus, anayeweza kueneza homa ya dengi, aligunduliwa Houston mwaka 1985, akihusishwa na matairi yaliyotumika yaliyoletwa kutoka Asia yakiwa na maji kidogo ndani. Ilibidi kuwe na kanuni ya kimataifa kwamba mbao za kufungia mizigo zitibiwe kwanza, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, kwa kuwa wadudu walaji wa miti walikuwa wakivuka bahari ndani yake bila hati yoyote. Kisha kuna meli ya X-Press Pearl, iliyoungua na kuzama karibu na Colombo kati ya Mei na Juni 2021. Kontena moja la tindikali ya nitriki lilikuwa likivuja, jambo hilo lilijulikana, na bandari mbili zilizoombwa kulishusha hazikulishusha. Ufuo wa Sri Lanka ukafunikwa na chembe za plastiki, malighafi ya viwanda, ambazo meli hiyo ilibeba takriban tani 1,680, na ambazo kwenye orodha za usalama hazikuhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Kwa macho ya hati, zilikuwa bidhaa safi kabisa.

Mfano unaonionyesha tabia ya kontena kwa uwazi zaidi ni ule wa taka. Biashara kati ya China na nchi tajiri iliegemea upande mmoja, kwa hiyo makontena yalitoka China yakiwa yamejaa na kurudi huko matupu. Kwa kuwa sanduku tupu halina faida kwa mwenye meli, nauli ya kurudi ilishushwa sana, hata ikawa nafuu kwa miji ya Ulaya na Marekani kupeleka karatasi na plastiki chafu upande wa pili wa dunia kuliko kuzichambua nyumbani. Hakuna aliyeketi akapanga kwamba taka ziende huko. Nafasi ya bure katika meli ndiyo iliyoamua. China ilipopiga marufuku uingizaji wa aina 24 za taka kuanzia mwaka 2018, mizigo hiyo haikusimama, bali iligeuzwa njia kuelekea nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Ufilipino ilikuwa tayari imegombana kwa miaka na Canada juu ya makontena yaliyoingia yakiitwa plastiki ya kurejelezwa huku ndani mna taka za majumbani, na mwezi Mei 2019 makontena 69 yalirudishwa yalikotoka. Mwezi huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia uvushaji wa taka mipakani, zilikubaliana kwamba plastiki iliyochanganyika isivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea, na kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 2021. Hilo ni swali ambalo kontena lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo.

Kuhusu hewa, haki itendeke: kwa kila tani inayosafirishwa kilomita moja, meli kubwa huchafua kidogo sana ikilinganishwa na lori, na ndege haikaribii kabisa. Lakini kidogo kikizidishwa mara nyingi hakiwi kidogo tena, na usafiri wa baharini hutoa karibu asilimia 3 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipunguza kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 tangu Januari 2020, hatua iliyofanikiwa. Kwa gesi joto, lengo la kufikia sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa hewani, ifikapo au karibu na mwaka 2050 limeshatangazwa, ila kura juu ya utaratibu wa kutoza meli zinazochafua iliahirishwa kwa mwaka mmoja mwezi Oktoba 2025.

Upande wa utamaduni, sikubaliani na wanaosema kontena limefanya dunia nzima ivae na itumie kitu kimoja. Limechangia, lakini kwa njia isiyo dhahiri: linampendelea anayeweza kulijaza. Mtengenezaji mwenye vitu elfu kumi vinavyofanana hulipa kidogo kwa kila kimoja. Fundi mwenye vitu mia, kila kimoja na sura yake, hulazimika kuchangia kontena, na hapo mzigo wake hufunguliwa, hupangwa na kupakuliwa ghalani kipande kwa kipande, karibu kama ulivyopakiwa kabla ya 1956, na gharama zile za zamani humrudia yeye peke yake. Mabaharia nao wamepoteza bandari. Majahazi ya Bahari ya Hindi yaliyongoja kaskazi na kusi yaliwaacha watu pwani kwa miezi, wakaoa, wakajifunza lugha, wakaacha za kwao. Meli ya makontena huondoka baada ya siku moja hivi, kutoka bandari yenye uzio iliyo mbali na mji. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, huku bidhaa walizobeba zikiendelea kushushwa bila kizuizi.

Kwa mwenye mzigo wa kujaza kontena zima, naipendekeza huduma hii bila kusita. Kwa anayechangia, naipendekeza kwa masharti: aandike kilichomo kwa ukamilifu, apige picha kabla ya lakiri kuwekwa, amuulize wakala ni mizigo gani mingine itakayokuwemo, na asisafirishe bila bima hata kama thamani ni ndogo. Bima hiyo haihusu wizi na maji peke yake. Kwa sheria ya zamani ya bahari, gharama kubwa inapoingiwa ili kuiokoa meli, wenye mizigo wote huichangia kwa kadiri ya thamani ya mali zao. Mwenye Ever Given aliitangaza hasara hiyo ya pamoja mwezi Aprili 2021, na wenye makontena walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali zao. Aliyekuwa na bima aliiachia kampuni yake ya bima kazi hiyo, na asiyekuwa nayo alitakiwa kuweka amana ya fedha taslimu, hata kama kontena lake halikupata mkwaruzo.