Diski za matundu ziliniingiza mkenge: uzoefu wangu na breki za IST

Naishi Kigamboni, naendesha Toyota IST, na mara tatu au nne kwa mwaka naenda Iringa kuwaona wazee. Kwa hiyo breki zangu zina kazi mbili: foleni ya mjini na mteremko wa Kitonga.

Mwaka jana usukani ulianza kutetemeka kila nikikanyaga breki nikiwa mwendo wa 80. Fundi akapima diski za mbele, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi ukikanyaga breki. Zilikuwa zimeshapungua chini ya unene wa mwisho uliogongwa kwenye diski yenyewe, yale maandishi ya MIN TH ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasoma. Kuzikereza tena ilikuwa haiwezekani, maana diski nyembamba haina mwili wa kubeba joto.

Kariakoo nikaoneshwa jozi inayong'aa, ina matundu na mifereji. "Bosi, hizi ni za magari ya mashindano." Nikaingia mkenge, shilingi 210,000. Mjini sikuona faida yoyote, zaidi ya mvumo uliopanda kila nikishika breki nikiwa na mwendo, na vijana wa kijiweni kuchungulia rimu. Kisha nikatoka Iringa, nikashuka Kitonga nyuma ya lori, mguu juu ya breki karibu njia nzima. Hilo ni kosa langu, nilitakiwa kuweka gia ya chini injini ishikilie gari. Wiki iliyofuata tairi zilipovuliwa, tukakuta nyufa nyembamba kama unywele zinatoka kwenye matundu. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa, chuma ambacho kingenyonya joto, na ufa unapenda kuanzia kwenye ukingo wa tundu. Pedi nazo zilikuwa zimelika kuliko nilivyotegemea.

Safari hii nikanunua za kawaida: uso laini pande zote mbili, katikati mapezi ya kupitisha hewa. 130,000 kwa jozi, na mkononi zilikuwa nzito kuliko zile za mbwembwe. Nilichagua zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu sehemu ya katikati na ukingoni. Kwetu sisi tunaovuta hewa ya chumvi, hiyo si urembo.

Ila nadhani nusu ya sifa ni ya fundi. Huyu alisugua kutu yote kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu diski inapokaa, kwa brashi ya waya na msasa kabla ya kupachika diski. Yule wa kwanza alipachika tu. Kutu kidogo ikibaki pale, diski inakaa upande, inayumba ikizunguka, na baada ya muda mtetemo unarudi ukaanza kulaumu spea. Akafuta mafuta ya kiwandani kwenye diski, akafunga pedi mpya, tukatafuta barabara tupu kuzizoesha pedi na diski zishikane vizuri: kutoka 60 hadi 10, kama mara kumi, bila kusimama kabisa.

Miezi minane sasa, Kitonga nimeshuka mara mbili, usukani umetulia. Lawama ninayo moja: mvua ikinyesha usiku, asubuhi uso wa diski una kutu nyekundu, na breki mbili tatu za kwanza zinakwaruza. Baada ya hapo kimya.

Zile za matundu ziko uani, zimekandamiza turubai la banda la kuku.