Nyumba ya chini Lushoto, nyota tatu na nusu (ngazi ziko nje)

Nimeishi na hii nyumba masika moja na baridi moja kwahiyo sasa naweza kuisemea, kabla ya hapo ningewadanganya tu maana tuliinunua mwezi wa pili na mwezi wa pili Lushoto kila nyumba ni nzuri. Jua lipo, kijani kila kona, unavuta hewa unasema hapa ndo kwangu.

Tulitaka nyumba ya chini kwa sababu ya mama. Magoti yake hayataki ghorofa, Tanga mjini alikuwa anakaa juu na kushuka sokoni ilikuwa kesi. Dalali nikamwambia mapema, nyumba ya chini, vyumba vitatu, choo ndani, gari lifike. Akatuma picha, veranda safi, maua mbele, sakafu ya sementi nyekundu ile ya zamani inayong'aa ukiipiga nta. Nikapanda basi hadi Mombo, pale nikachukua Noah ya kupanda mlimani kupitia Soni, kilomita kama 33 za kona mwanzo mwisho, nyumba yenyewe iko juu ya mji ukiwa unaelekea Magamba.

Sasa. Gari linafika kweli, linafika barabarani. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi 31 za udongo zimezuiwa na vipande vya magogo, mimi siku ile nilishuka napiga stori na dalali wala sikuhesabu. Aliyehesabu ni mama, siku ya kuhamia, kila ngazi anataja namba kwa sauti, alipofika chini akaniangalia akasema mwanangu, hii ghorofa yako umeilaza nje. Sikuwa na jibu. Huku milimani nyumba nyingi zimekatiwa kwenye mteremko, ndani ni ya chini ila kuifikia ni mambo mengine, na dalali hakusema uongo, sikumuuliza tu.

Nyumba yenyewe lakini imejengwa. Msingi wa mawe, tofali za kuchoma, kuta nene, ukigonga unasikia mkono unauma. Hakuna ufa hata mmoja wa kutisha. Tatizo ni paa. Tulikuta rangi mpya kabisa vyumba vyote hadi silingi bodi na mimi nikafurahi, kumbe ningejiuliza nyumba ya miaka yote hiyo imepakwa rangi wiki iliyopita kwa nini. Masika ilipoingia, silingi ya chumba cha mama ikaanza kutoa madoa ya mviringo, kahawia, kama chai ya maziwa imemwagika kwenye kitambaa. Nikaita fundi nikijua bati limetoboka, akapanda, akashuka, akasema bati zima, hilo ni jasho. Ule unyevu wa ndani ukikutana na bati la baridi alfajiri unageuka matone, yanadondokea kwenye bodi, na juu kulikuwa kumezibwa kote hakuna hata tundu la hewa. Akafungua matundu kwenye kuta mbili za juu akaweka nyavu, tukabadilisha bodi nne, ikatulia. Nyuma ya kabati bado ukungu unarudi, nguo zinanuka, kabati tumelisogeza kutoka ukutani kiganja kimoja na ndo dawa niliyonayo.

Jua nalo. Mwezi wa 6 hadi wa 8 jua linapita upande wa kaskazini, na kaskazini kwetu kuna mlima. Linatufikia saa nne na kitu asubuhi, saa tisa limeshaondoka, nguo hazikauki siku mbili. Jirani yetu ng'ambo ya bonde anaota jua tangu saa moja na nusu na ni dakika kumi kwa mguu! Mafuta ya nazi ya mama yaliganda mwezi wa sita yakawa kama mshumaa, alikuwa anayachota kwa kijiko anaweka kiganjani anapuliza. Jiko la mkaa tunakota verandani, ndani na madirisha yamefungwa hapana, ile hewa inaua watu wamelala.

Makaratasi ndo sehemu iliyokwenda vizuri, na sio kwa ujanja wangu, ni mjomba alikuja na kelele zake. Hii ni ardhi ya kijiji, hati yake ni ya hakimiliki ya kimila chini ya ile sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, kwahiyo halmashauri ya kijiji lazima iridhie, karatasi ya mkono kati yako na muuzaji haitoshi. Muuzaji alikuja peke yake, mjomba akauliza mke yuko wapi, yuko Korogwe, basi tutamsubiri. Tukamsubiri wiki nzima maana nyumba ya familia mmoja hauzi bila ridhaa ya mwenzie. Chini ya shamba kuna chemchemi, nilitaka kuweka banda la kuku karibu nayo wazee wakanikataza, sheria ya mazingira inataka mita 60, na wao wenyewe wanaichota hiyo maji.

Bei, alianza 52 tukaishia milioni 41, ukijumlisha bodi, matundu, mtaro wa nyuma wa kutoa maji ya mlimani (huu usiuache, maji ya masika yanakuja na udongo wake) sina hamu ya kupiga hesabu.

Nyota nne kwa kuta na majirani, tulipohamia tulikuta kabichi na viazi mlangoni hatujui nani kaweka. Mbili kwa paa. Mama ukimuuliza anasema harudi Tanga, halafu anauliza bomba la kushikilia kwenye ngazi linakuja lini. Fundi kashapima.

Dalali bado ana namba yangu, jana katuma picha nyingine, nyumba ya chini, mandhari ya kufa mtu, inamfaa mzazi. Nikamjibu ngazi ngapi? Tiki mbili za bluu, kimya mpaka sasa.