Google Search Console: uzoefu wangu na tovuti ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro

Nashughulikia tovuti ya kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, hapa Moshi. Anayeijua biashara hii anaijua na shida yake: mgeni akiulizia Google habari za kupanda Kilimanjaro kwa Kiingereza, ukurasa wa kwanza umeshajaa makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani, majarida ya safari na tovuti za maoni ya wasafiri. Sisi wa mtaani tunatafutana huko nyuma.

Chombo kilichotusaidia kuliko vyote ni Google Search Console. Ni chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotokea kwenye matokeo ya utafutaji, na ni bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa mfano kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi unaopewa na Google) kwenye mipangilio ya kikoa, yaani jina la tovuti, kisha unaacha data ijikusanye. Wengi huishia kutazama mstari wa mibofyo unavyopanda na kushuka, wakafunga. Utamu wenyewe uko ndani zaidi, kwenye ripoti ya utendaji: unaona maneno ambayo watu waliyaandika, kurasa zako zilionekana mara ngapi, zilibofywa mara ngapi, na kwa wastani zilikaa nafasi ya ngapi.

Mimi huchuja maneno yaliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Huko Google imeshakutambua ila haijakusogeza mbele, na kazi kidogo huleta tofauti. Neno ambalo uko nafasi ya 70 liache kwanza.

Hapo ndipo nilipoikuta Rongai, mojawapo ya njia za kupanda mlima. Kurasa tulizozipamba zilikuwa za Machame na Lemosho, njia ambazo kila kampuni inazigombania. Kumbe watu walikuwa wanatuona kwa maswali ya Rongai, na moja lilijirudia kwa sura mbalimbali: je, njia hii inaanzia Kenya, na je, nahitaji viza nyingine? Swali halali kabisa, maana njia inaanzia kaskazini mwa mlima, karibu na mpaka. Jibu letu lilikuwa sentensi moja chini kabisa ya ukurasa wa bei. Tukaliandikia ukurasa wake: kwamba wageni huandikishwa lango la Marangu, gari huzunguka hadi lango la Nalemuru, mpaka hauvukwi, na kushuka ni kwa njia ya Marangu. Tukaongeza picha za kambi ya Mawenzi Tarn zilizopigwa na wagumu (wapagazi) wetu, na maelezo ya mwongoza wageni wetu kuhusu upande ule kuwa mkavu kuliko wa kusini. Makampuni ya ng'ambo hayakuwa na habari hizo kwa undani huo. Tukapanda hadi ukurasa wa kwanza kwa maswali hayo, na wanaouliza bei za Rongai sasa wanakuja wakijua wanachokitaka.

Jambo la pili niliona kwa kubofya neno moja na kutazama kurasa zinazotokea: kwa swali la bei ya Machame, kurasa zetu mbili zilikuwa zinapokezana, leo hii, kesho ile. Tukaziunganisha, ya zamani tukaielekeza kwenye mpya moja kwa moja. Picha nazo zilikuwa nzito kupita kiasi. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kinachoonekana kwenye skrini kiwe kimefunguka ndani ya sekunde 2.5, na ripoti ya kasi ndani ya chombo hiki ilitaja kundi la kurasa zilizochelewa kwenye simu. Kupunguza picha kulimaliza hilo, ingawa kwa nafasi zetu sikuona mabadiliko makubwa.

Kasoro zipo. Nafasi ya wastani inadanganya usipochuja kwa nchi. Unaweza kuwa wa 4 Ujerumani na wa 30 Marekani, ukaonyeshwa namba ya katikati isiyo na maana kwako. Jedwali linaishia mistari 1,000, na maswali yanayoulizwa na watu wachache hufichwa kwa ajili ya faragha, nasi wenye tovuti ndogo ndio tunaoishi kwa maswali hayo. Data inahifadhiwa miezi 16 tu: msimu wa Juni hadi Oktoba naweza kuulinganisha na uliopita, ila sio na wa mwaka juzi, kwa hiyo napakua nakala kila msimu ukiisha. Na kile kitufe cha kuomba ukurasa uingizwe kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inazijua, kukibonyeza mara kumi hakuharakishi chochote.

Alipita jamaa mmoja akituuzia viungo (links) vya kutoka tovuti nyingine kuja kwetu, kwa furushi, na ahadi ya namba moja ndani ya mwezi. Bosi alishawishika. Nilimfungulia miongozo ya Google yenyewe: viungo vya kununua ili kupandisha nafasi vinahesabiwa kuwa hila, na hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja. Hela hiyo ikaenda kwenye kamera ya mwongoza wageni.

Kwa neno kubwa, lile la kupanda Kilimanjaro, bado hatuonekani, na sitegemei chombo hiki kitubebe huko. Nakipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku watakapotuachia data ya misimu mitatu.