Unataka kulipia kisomaji cha RSS? Uliza kwanza nani anachota habari

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia kwa hasira, na hasira yake ni ya haki. Alilipia programu ya kusoma RSS, yaani inayokukusanyia makala mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, mwaka mzima ili tovuti anazozipenda zisimpite. Akaenda msibani kijijini, mtandao ukawa wa kubahatisha, bando likaisha. Aliporudi mjini akafungua programu: juu kuna habari za Ijumaa asubuhi, chini yake habari za Jumatatu jioni. Katikati hamna kitu. Alipouliza, muuzaji akamjibu kwamba programu haina tatizo lolote.

Tatizo lipo, na karibu hakuna anayeliandika. Orodha nyingi za programu hizi zimejaa habari za rangi, mpangilio na mwonekano wa usiku, mambo ambayo utayaona mwenyewe ndani ya dakika tano. Swali la maana ni moja: anayekwenda kuchota habari ni simu yako au ni seva ya kampuni, yaani kompyuta yake inayowaka muda wote?

Mlisho wa RSS ni faili fupi yenye makala za mwisho tu. Tovuti ya WordPress ambayo mwenyewe hakugusa mipangilio hutoa makala 10. Blogger hutoa 25. Chaneli ya YouTube, video 15. Sasa chukua tovuti ya habari inayochapisha makala 40 kwa siku: kila baada ya saa sita hivi, makala zote 10 zilizokuwamo zimeshasukumwa nje. Kama mchotaji ni simu, basi muda wote ambao simu imezimwa au haina bando, kilichopita kimekupita. Hutakipata hata ukiburuta ukurasa mpaka kidole kiume. Na hata bando likiwepo, simu nyingi za Android za bei ya kati zinabana programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji. Ukizima kioo tu, uchotaji unaweza kusimama. Seva haina habari na chaji yako. Inachota usiku kucha na kukutunzia, wewe ukipata mtandao unakuta mzigo wako umekamilika.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni NewsBlur, na sifichi kwamba naipendelea. Ilianzishwa na Samuel Clay, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Uchotaji unafanyika kwenye seva, unasoma kwa kompyuta, Android au iPhone, na ulipoishia kwenye simu ndipo unapoendelea kwenye kompyuta. Bure unapata tovuti 64. Ukilipa dola 36 kwa mwaka kikomo kinapanda sana, na tovuti zako zinakaguliwa mara nyingi zaidi kuliko za wa bure. Hilo la mwisho ndilo ninalolilipia. Blogu ya Kiswahili yenye wafuasi wachache ndiyo inayosahaulika kwenye huduma hizi, maana seva hupendelea kukagua zaidi tovuti zenye watu wengi. Mimi blogu hizo ndogo ndizo ninazozitaka, kwa sababu zile kubwa nitazisikia tu hata nisipozitafuta.

Namba mbili ni Inoreader ya Bulgaria. Bure inakupa milisho 150, ukarimu mkubwa, ila utavumilia matangazo. Ina vichujio vizuri kwa anayefuatilia mada moja kwenye tovuti nyingi. Kumbuka tu kwamba makala usiyoisoma kwa siku 30 inahesabiwa kuwa imesomwa, kwa hiyo usiifanye ghala.

Feedly naiweka ya tatu. Ndiyo inayojulikana zaidi, bure ina vyanzo 100, na seva zake zinachota vizuri. Lakini kwa kadiri ninavyoiona, siku hizi macho yake yako kwa makampuni na zana za akili unde kuliko kwa msomaji wa kawaida anayetaka kusoma blogu zake na kwenda kulala. Feedbin, dola 5 kwa mwezi, ni safi sana ila bei inaniuma.

Za bure kabisa: Feeder kwa Android, NetNewsWire kwa iPhone na Mac. Hapa mchotaji ni kifaa chako mwenyewe, kwa hiyo ni nzuri kwa blogu zinazoandika mara moja kwa wiki. Kwa tovuti za habari, rudi juu ukasome kilichompata yule wa Mwanza.

Kabla hujalipa chochote, tumia kipindi cha bure. Jiunge na tovuti moja yenye habari nyingi, zima data jioni, washa kesho yake mchana, kisha shuka chini ukitazama saa za makala. Zikiruka kutoka saa moja usiku hadi saa tano asubuhi, na unajua tovuti hiyo huchapisha usiku kucha, achana nayo. Halafu hakikisha unaweza kutoa orodha ya tovuti zako kwa faili ya OPML, ambayo visomaji vingine vinaweza kuipokea. Google Reader, kisomaji cha RSS cha Google, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na waliokuwa na faili hiyo waliweza kuhamia kwingine siku hiyo hiyo.

Sasa bei. Nimechoka na wauzaji wanaoandika bei ya mwezi kwa herufi kubwa, halafu chini, kwa herufi za kutafutia miwani, wanasema utalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anaingia akidhani anatoa dola tatu, kadi inakatwa thelathini na kitu. Juu ya hapo kuna ubadilishaji wa fedha na makato ya benki, maana kila kitu ni dola. Na ukishaweka kadi, mwaka ukiisha wanakata tena bila kukuuliza. Kwa hiyo tumia kadi ya mtandaoni inayotokana na akaunti yako ya simu, weka humo kiasi cha malipo hayo tu, na siku hiyo hiyo ingia kwenye mipangilio uzime kujiongeza kwa malipo. Huduma itaendelea hadi muda uliolipia uishe. Usipokiona kitufe cha kuzima, waandikie kabla mwaka haujaisha, na utunze jibu lao.