Sherlock Holmes wa 1983 ambaye hakuna anayemuulizia

Jamani, juzi nimepita duka la kuingiza muvi hapa Mtwara mjini na flashi yangu, nikamwambia dogo niwekee Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, akaniwekea mbili za Robert Downey Jr. halafu akachomekea na faili moja la zamani, akasema hiyo chukua bure bro, haijawahi kuombwa na mtu. Kumbe ya bure ndo yenyewe!

Ni The Hound of the Baskervilles ya 1983, muvi ya televisheni ya Uingereza, Holmes ni Ian Richardson. Wengi hawajui hata kama aliwahi kucheza Holmes. Mpango ulikuwa zitoke kadhaa, zikatoka mbili tu, hii na The Sign of Four, mwaka uliofuata ikaanza tamthilia ya Holmes ya Jeremy Brett na watu wote wakahamia huko, mpaka leo.

Sasa kilichonikosha mimi, huyu Holmes anatabasamu. Tumezoea Holmes mnunaji anayeona wenzake wote mafala, huyu anaifurahia kazi bana, mgeni anasimulia habari za jibwa la kuzimu na yeye macho yanacheza kama mzee wa bao ambaye kete zako ameshazihesabu, anangoja tu ujipeleke mwenyewe. Na Richardson huyuhuyu baadaye, mwaka 2000, akaja kucheza Dr Joseph Bell, yule daktari wa kweli ambaye Conan Doyle, mwandishi wa vitabu vya Holmes, alimtumia kumuumba. Yaani kacheza kivuli na mwenye kivuli.

Nimeangalia na mjomba kwenye laptop, umeme haukuwepo. Kwenye kitabu Holmes anapotea katikati na kazi anaachiwa rafiki yake Watson, hapa Holmes wamemvalisha kijipsi, wale watu wa kuhamahama, anazurura huko nyikani Dartmoor, mimi nikakausha nisiharibu utamu, mjomba akasema hapohapo "si ndo yule yule, pua hiyo angeificha wapi". Ikabidi nicheke. Halafu kwenye urithi akagoma kabisa. Kijana Sir Henry anarithi jumba la marehemu Sir Charles, na Sir Charles ni kaka wa baba yake, yaani baba mkubwa, mjomba kama Mmakonde wa zamani anasema huyo kijana kwa mila zetu asingeambulia hata kijiko, angeenda kwa wajomba zake. Na kesi ingekuwa imeishia hapo, mbwa angelala.

Ubaya upo. Watson wa Donald Churchill anafoka na kushangaa tu, wamemfanya mjinga na kwenye kitabu sio mjinga kiasi hicho. Martin Shaw anayecheza Sir Henry sauti sio yake, wamempachikia ya mtu mwingine, ukishajua hilo huwezi tena kuacha kuangalia mdomo. Brian Blessed anacheza mume wa Laura Lyons, mwanamke mmoja wa kwenye kisa, mume huyo kitabuni anatajwa tu, hapa wamemleta kabisa na anaunguruma kuliko hilo jibwa. Na ukungu, aisee, kuna pahala unaona kabisa ni moshi, kama kuna mtu nyuma ya kamera anachoma korosho.

Ila yale matope yanayomeza watu yamenitisha kweli, labda kwa sababu nimekulia Mikindani na najua ukikanyaga vibaya kwenye mikoko maji yakishakupwa, mguu unatoka, ndala inabaki. Mbwa mwenyewe anawaka usiku kama kapakwa taa, ndivyo kilivyo na kitabu, ni fosforasi, kemikali inayong'aa gizani, kwa hiyo msiwalaumu wenye muvi.

Muuaji simtaji. Mjomba alimtaja mapema sana akakosea, akabadilisha, akakosea tena.

Naipa 7 kati ya 10, na sita kati ya hizo ni za Richardson peke yake. Kesho narudi kwa dogo kuulizia The Sign of Four, akiniambia haijawahi kuombwa nitajua ni nzuri. Flashi kwanza niipate kwa mjomba.