Uzoefu wangu: Anki na Kiingereza cha hotelini, nikijifunza kupitia Kihispania

Kwa mwenye haraka: Anki, programu ya kukariri maneno kwa kadi, inafaa, tena sana. Kisichofaa ni lile fungu la kadi lililopangwa tayari kwa wasemaji wa Kihispania, ambalo karibu kila mtu hulipakua siku ya kwanza. Programu ni kitu kimoja na kadi zilizomo ni kitu kingine. Wengi wanaotoa maoni huvichanganya, ndiyo maana huyu ataisifu mpaka mbinguni na yule aseme amepoteza muda wake.

Mimi nimekulia Bukavu. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Kihispania nimekiokota hapa Benidorm, mji wa kitalii wa pwani ya Hispania, kwenye korido za hoteli, nikisukuma toroli la mashuka. Kiingereza nilichotoka nacho Kongo kilikuwa cha kutaja siku za juma. Benidorm utaishi bila Kiingereza, hakuna atakayekufukuza, lakini utabaki ghorofani na ndoo yako wakati wenzako wanashuka mapokezi. Waingereza wamejaa hapa kiangazi na kipupwe. Kule Rincón de Loix, sehemu moja ya mji huu, unaweza kupita mtaa mzima usione ubao wa Kihispania: baa zao, mayai na maharage yao ya asubuhi, mpira wao kwenye skrini.

Utauliza kwa nini sikupitia Kifaransa, lugha niliyoisomea. Sababu ni ya kawaida kabisa: wenzangu wa zamu walikuwa wanajifunza kwa Kihispania, na kujifunza peke yangu siwezi. Kadi za Kiswahili kwa Kiingereza zenye mambo ya hotelini nilizitafuta nikazikosa.

Kwa asiyeijua, Anki ni programu ya kadi za kukariri. Kadi ina uso na mgongo. Unaona uso, unajaribu kukumbuka, unageuza, kisha unabonyeza kitufe kusema ulikumbukaje. Kwenye Kihispania vitufe ni "Otra vez", "Difícil", "Bien" na "Fácil". Ukisema ilikuwa rahisi, kadi inapotea siku nyingi kabla ya kurudi. Ukisema imekushinda, inarudi dakika hiyohiyo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima namna mtu anavyosahau, akachapisha matokeo yake mwaka 1885, na katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner akaeneza mtindo wa kadi za karatasi ndani ya kisanduku chenye vyumba. Anki yenyewe ilitolewa na Damien Elmes mwaka 2006. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android ni bure. Kwenye iPhone unalipa mara moja, karibu dola 25, na hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma.

Sasa lile fungu la tayari. Aliyelitengeneza simjui na sina ugomvi naye, alilitoa bure. Lakini limeanza na maneno yanayofanana: "información" na "information", "nación" na "nation", "universidad" na "university". Unabonyeza "Fácil", "Fácil", "Fácil", unajiona umekuwa profesa. Kiingereza kimebeba maneno mengi sana ya Kilatini na Kifaransa, na mwenye Kihispania huyapata karibu bure, akibadili tu "-ción" kuwa "-tion" na "-dad" kuwa "-ty". Hayo hayahitaji kadi, yanahitaji dakika kumi za kuelezwa. Mgeni aliyesimama mlangoni na taulo kiunoni hakuulizi habari za "university". Anauliza "kettle", "tap", "plug", "sheets", yaani birika, bomba, plagi, mashuka. Anasema bomba linadondoka maji, choo hakivuti, taa ya bafuni imeungua. Maneno hayo kwenye fungu lile yalikuwa mbali mno, mengine hayakuwemo kabisa.

Mitego ya maneno yaliyofanana sura tu, fungu liliiweka mwishoni kama vichekesho. Hotelini si vichekesho. Mgeni akiomba "soap", sikio la Mhispania linasikia "sopa", yaani supu. Akisema kuna doa kwenye "carpet", mwenzangu anatafuta "carpeta", jalada la kuwekea karatasi. Mlangoni kunaning'inia kibao cha "No molestar", yaani usisumbue, na ole wake atakayejaribu kukitafsiri kwa kufuata sura, maana "molest" ya Kiingereza ni kumdhalilisha mtu kijinsia. Kibao kinatakiwa kusema "Do not disturb". Na yule anayesema yuko "constipado" ana mafua tu; ukimtafsiria kwa Kiingereza kama "constipated", mfamasia atampa dawa ya kufungua choo.

Hapa Kifaransa changu kilinisaidia kwa namna ambayo fungu lile halikuiwazia. "Embarazada" ni mjamzito, na Wahispania wengi hujikwaa kwenye "embarrassed", lakini Kifaransa kina "embarrassé", kwa hiyo mimi sikupata shida. "Carpette" tunayo, ni kazulia. Hata "constipé" ya Kifaransa inakubaliana na Kiingereza, na anayebaki peke yake ni Mhispania na mafua yake. Hatari kwa mtu wa kwetu, awe Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda aliyesomea Kifaransa, ni pale ambapo Kifaransa na Kihispania vinapokubaliana na vyote viwili vinakudanganya. "Actuellement" na "actualmente" zote ni "kwa sasa", lakini "actually" ni "kwa kweli" au "kusema kweli". "Librairie" na "librería" zote ni duka la vitabu, wakati "library" ni maktaba. "Assister" na "asistir" zote hutumika kwa kuhudhuria, na "assist" ni kusaidia. Kadi za aina hii nilizipaka rangi nyekundu. Anki inakuruhusu kuweka bendera ya rangi kwenye kadi, kisha ukaziita zote kwa pamoja.

Tatizo kubwa kuliko hayo yote ni vitenzi vyao vya vipande viwili. Mhispania na Mkongo wote wawili hupenda neno refu: kuzima taa tutasema "extinguish" kama tuko mahakamani, wakati mgeni anasema "turn off". Maziwa yakiisha wanasema "we've run out". Kuacha mizigo ni "drop off", kuahirisha ni "put off", kutandika na kusafisha chumba ni "make up the room". Kila kipande peke yake unakijua, vikikaa pamoja huvijui. Kuviweka kwenye kadi kama orodha hakukunipeleka popote. Vilianza kukaa kichwani nilipoviandika ndani ya sentensi nzima ambazo mtu husema kweli.

Kadi zangu ziko hivi. Uso una hali kwa Kihispania, kwa mfano: mgeni, mama wa makamo, chumbani hakuna birika la umeme. Chini yake sentensi yenye pengo: "There's no … in our room, love." Anki ina aina ya kadi za pengo kwa kazi hiyohiyo. Mgongo una neno lililokosekana, sauti, na jibu ninalotakiwa kutoa mimi: "I'm afraid we don't have any left, but I'll ask", yaani samahani, yameisha, lakini nitauliza. Birika nimelichagua makusudi. Hoteli nyingi za hapa haziliweki chumbani, na Mwingereza asipoona birika la chai ni kama umemwambia ndege yake imefutwa. Hiyo "I'm afraid" nayo haina woga wowote ndani yake, ni adabu ya kutangulizia habari mbaya. Kwenye fungu la tayari "afraid" ilikuwa "asustado", mwenye hofu, basi.

Sauti nilizipata kwa kijana mmoja Mwingereza anayehudumu kwenye baa karibu na ninapoishi. Jioni isiyo na wateja alinisomea sentensi zangu, nikazirekodi moja kwa moja ndani ya kadi. Sauti za fungu lile zilikuwa za Kimarekani, safi kama za mtangazaji. Wageni wetu wanatoka Liverpool, Newcastle, Glasgow. Wanasema "ta" kwa asante, "cheers" kwa asante pia, na wanakuita "love" au "pet" bila kukujua. Kuna salamu yao, "You all right?", ambayo haitaki jibu refu. Mwenzangu Mkolombia alikuwa akiulizwa hivyo anaanza kueleza mgongo wake unavyomuuma. Mimi hilo sikuhitaji kadi. Aliyelelewa kwa "habari?" na "nzuri" anajua kwamba salamu ni salamu, ya mgongo yatafuata baadaye.

Kuna jambo la matamshi ambalo lazima niliseme, mnisamehe. Kihispania kina "i" moja na Kiswahili kina "i" moja. Kiingereza kina mbili, ndefu na fupi, na tofauti kati yake ndiyo inayotenganisha shuka na tusi la kinyesi. Sasa fikiria kazi yako ni kugonga milango asubuhi ukiuliza kama wanataka mashuka safi. Mama mmoja wa Andalusia, mkongwe wa kazi hii, ameamua kusema "bed linen", matandiko, maisha yake yote, hataki mchezo. Mimi nilitengeneza kadi za sauti tupu, bila maandishi usoni: nasikia neno, nachagua ni lipi kati ya mawili. "Sheet", "beach", "leave" na "live", "heel" na "hill". Kwa sehemu hii Anki inastahili sifa kuliko darasa lolote nililowahi kukaa, kwa sababu mwalimu mwenye watu ishirini hawezi kukurudia neno mpaka sikio lifunguke, na simu haichoki.

Madarasa nimeyajaribu pia. Kuna chuo kimoja cha binafsi hapa mjini ambacho sitakitaja, tulilipa miezi mitatu, tukamaliza tukijua kueleza rangi za nguo za watu pichani. Ukitaka darasa, ushauri wangu ni uulizie Escuela Oficial de Idiomas, shule za lugha za serikali. Ya kwanza ilifunguliwa Madrid mwaka 1911 na sasa ziko nchi nzima, na ada yake ni nafuu ukilinganisha na vyuo vya binafsi. Shida ni nafasi na ratiba. Mwenye zamu za kubadilikabadilika kama sisi ataona taabu.

Mambo ya kuangalia kwenye Anki yenyewe. Ukiiacha ilivyo, inakupa kadi mpya 20 kila siku. Zinaonekana chache, lakini za jana na juzi nazo zinarudi, na mtu anayefanya kazi ya kusimama kutwa atajikuta ana mlima wa kadi Jumapili. Punguza mpaka 5 au 8, kule kwenye mipangilio ya fungu. Mimi naifungua kwenye basi na wakati wa mapumziko ya chai, kitandani siifungui tena. Sura yake ni kavu, hakuna kikatuni cha ndege cha kukupongeza kama kwenye programu nyingine za lugha, wala alama za mashindano. Wengine hilo huwakatisha tamaa, mimi naliona ni nafuu. Tangu mwaka 2023 kuna namna mpya ya kupanga marudio inayoitwa FSRS. Unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, nayo hujifunza kumbukumbu yako ilivyo na kukadiria lini utasahau. Baada ya kuiwasha, kadi nilizozijua vizuri ziliacha kunisumbua.

Na isikudanganye mtu, Anki haikufundishi kuongea. Inakupa maneno yakae tayari mdomoni, kuyatoa ni kazi nyingine. Mimi na Mkolombia tunacheza mgeni na mapokezi kwenye chumba cha kufulia, mashine zikinguruma, ndiyo maana tunapaza sauti kama tuko sokoni. Mtihani wa Kiingereza wa Cambridge wa ngazi ya B1, yaani ya kati, ambao waajiri wengi wa hapa wanautambua, sehemu yake ya kuzungumza hufanywa na watahiniwa wawili kwa pamoja, basi tunajifanya tuko huko.

Siku hizi nashushwa mapokezi jioni chache, kuziba pengo la mtu. Kilichonikuta huko ni simu. Kwenye simu huoni uso wala mikono, na mgeni anakutajia jina lake herufi kwa herufi. "E" yao inasikika kama "i" yetu, "i" yao ni "ai", "a" yao ni "ei". "G" na "j" zimegeuziana nafasi ukizilinganisha na nilivyozisoma kwa Kifaransa. Sifuri wanaiita "oh", herufi mbili zinazofuatana wanasema "double", na "thirteen" na "thirty" kwenye laini mbovu ni pacha. Fungu ninalolijenga sasa ni la hayo tu, majina na namba za vyumba, sauti ni ya kijana yuleyule wa baa. Likikamilika nitalipandisha AnkiWeb, tovuti ya Anki, wazi kwa kila mtu, Kihispania juu na Kiswahili chini yake.