Taa za ukungu ziling'aa wiki tatu, halafu nikaambiwa gari langu ni la zamani

"Mama, gari lenyewe la zamani hili, ulitaka taa zing'ae hadi lini?"

Hilo ndilo jibu nililopewa mbele ya wateja wengine, na kijana niliyemhesabia Sh 30,000 mkononi anisafishie taa za ukungu za gari langu. Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Niko Njombe, nafanya biashara ya viazi na maparachichi. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda Makambako, wiki nyingine mara tatu, wiki nyingine hata mara tano. Aliyepita barabara ile Juni au Julai anaelewa. Ukungu unalala juu ya lami, lori linakutokea likiwa limeshafika. Ukiwasha fulu ndiyo umejiharibia kabisa, maana mwanga unagonga vitone vya maji hewani na kukurudia machoni, unaona ukuta mweupe tu. Ndiyo maana taa za ukungu zinafungwa chini kwenye bampa. Zinamwaga mwanga mpana na wa chini, unaotambaa kwenye lami na kukuonyesha ukingo wa barabara. Lakini kioo chake kikishapauka, mwanga unatawanyika ovyo na mwingine unapanda juu. Hapo taa uliyoiwasha ikusaidie ndiyo inayokuziba macho.

Zangu zilikuwa zimefikia huko. RAV4 yangu ni ya mwaka 2002, na vioo vyake vilikuwa na unjano wa vidole vya mvuta sigara, vikwaruzo juu yake. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna kijana hapa mjini, kwenye sehemu ya kuoshea magari, anasafisha taa zinarudi kama mpya, nikaenda siku hiyo hiyo.

Na zilirudi! Siwezi kumnyima haki yake. Aliosha, akasugua kwa dawa ya meno, akachukua kitambaa akapaka kitu kingine kutoka kwenye kichupa, na ndani ya robo saa unjano wote ukaisha. Nilifurahi mpaka nikamwongezea hela ya soda. Alfajiri iliyofuata niliona mstari wa pembeni mwa barabara, ule mweupe, nilikuwa nimeusahau. Niliwaambia wenzangu watatu sokoni waende kwake. Wawili walikwenda. Jambo hilo linaniuma kuliko pesa yangu.

Wiki ya tatu hivi, au ya nne, nikaona utando kama maziwa. Ukigusa, pananata. Baadaye ndani ya ule weupe zikatokea nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui, jambo ambalo halikuwepo hata wakati wa unjano. Nikarudi kwake. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, njoo uone, labda kuna hatua tuliiruka." Hakuinama hata kuangalia. Aliendelea kukamua kitambaa chake, ndipo akanijibu hilo nililolitaja hapo juu.

Gari la zamani. Kana kwamba ukungu unauliza gari lina umri gani kabla ya kukufunika.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa rangi za magari. Alipitisha kidole juu ya kioo akauliza swali moja tu: "Walikupakia dawa ya mbu?" Nikakumbuka kile kichupa. Dawa nyingi za kujipaka kufukuza mbu zina kemikali inayoitwa DEET, na kemikali hiyo inayeyusha plastiki ya aina nyingi. Ukipaka kwenye taa inalainisha ngozi ya juu, vikwaruzo vinajaa, unaona inang'aa. Kinachong'aa ni plastiki iliyoyeyuka. Ikishakaa juani ngozi hiyo inapasuka.

Mzee akanieleza pia kwa nini unjano ulikuja mwanzo. Kioo cha taa nyingi za siku hizi ni plastiki, polikabonati, na kiwandani hupakwa utando mgumu wa kuikinga na miale ya jua. Utando ukilika, jua linaipika plastiki yenyewe. Huku kwetu baridi inatudanganya. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale hiyo inavyokuwa mikali. Kwa hiyo kusugua peke yake, hata kwa dawa ya meno isiyo na madhara makubwa, ni kuondoa uchafu na kuiacha plastiki uchi. Unjano utarudi tu.

Tulizitengeneza pamoja, nusu siku nzima. Kwanza aligonga kioo kwa ukucha kuhakikisha ni plastiki, kwa sababu taa nyingine za ukungu ni kioo cha kweli, na hizo ukizipiga msasa umeziharibu. Akamulika tochi kwa pembeni kuona kama unjano uko ndani. Unjano wa ndani, unaoletwa na balbu yenye joto kupita kiasi, hautoki kwa kusugua nje. Wangu ulikuwa wa nje. Akafunika bampa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, akaanza na msasa wa maji namba 800 (namba ikiwa ndogo, msasa unakwaruza zaidi), kwa sababu ya zile nyufa. Zisingekuwepo, alisema, angeanzia 1000. Kisha 1500, kisha 2000, maji yakimwagika muda wote, kila namba akisugua kukatisha mistari ya namba iliyotangulia. Maji meupe kama ya kuoshea mchele yalitiririka mpaka yakawa safi. Akakausha, akafuta mafuta ya vidole, akapuliza vanishi ya gari, ile ya kuchanganya na dawa ya kukazia, yenye kinga ya jua. Hakuniruhusu kuliondoa gari mpaka ikauke.

Taa ya kulia imepona. Ya kushoto ina nyufa mbili zilizozama, msasa haukuzifikia, na usiku naziona zikikata mwanga vipande viwili.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa yule kijana nyota mbili. Nilijiambia ni mdogo, kafundishwa vibaya, huenda hajui ndani ya kichupa kuna nini, na mikono yake ina bidii kweli. Mimi pia nina watoto wa umri wake wanaohangaika. Lakini kadiri ninavyoandika nakumbuka alivyokiweka kile kichupa nyuma ya ndoo kila alipomaliza kuchovya, lebo ikiangalia ukuta. Nakumbuka nilimuuliza ni dawa gani, akasema "ni ya taa, mama". Alijua. Mtu asiyejua hafichi. Sasa simpi hata moja, na wale wenzangu wawili nimeshawaambia wazitazame taa zao kabla baridi haijakolea.

Kama angeniambia tangu mwanzo, "Mama, hii ni ya wiki tatu, ukitaka ya kudumu tafuta fundi wa rangi," ningemlipa hata hiyo Sh 30,000 na kumshukuru. Leo asubuhi nimepita pale, bado kuna foleni ya magari mawili na kichupa kiko palepale nyuma ya ndoo. Nimesimama, nimemwambia mwenye gari la kwanza aulize ni dawa gani. Kijana amenikazia macho. Hela yangu bado naidai.